Mgeni Aliyelishwa Mlenda

Wa kwanza kuisimulia ngano hii ni Salima Mghenyi, mwaka 1988, watu wakipukuchua mahindi kando ya moto. Alianza hivi:

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kuku wakisema na watu, tena bila kuulizwa, palikuwa na mjane akiitwa Mama Njiku. Mali yake yote ilikuwa kuku kumi na watatu, jogoo akiwemo. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimeshamaliza kuku wa kijiji cha pili. Ndipo akaja Mtinangi, mtu wa chanjo, na kichupa chake.

"Tone moja jichoni, basi," akasema. "Lakini jua likizama, dawa hii haifai tena."

Mama Njiku akaita kuku. Wote walikuwa juu ya paa la nyumba yake ya tembe.

"Shukeni, wanangu. Mgeni amefika."

"Ndiyo sababu tuko huku," akajibu jogoo. "Alikuja mjumbe, tukapungua mmoja. Akaja shemeji yako, tukapungua mmoja. Akaja fundi, tukapungua wawili."

"Alikuwa na msaidizi," akasema Mama Njiku.

"Mimi sili kuku," akasema Mtinangi.

"Wote husema hivyo kabla maji ya ugali hayajachemka."

"Sasa mnataka nini?" akauliza Mama Njiku.

"Ale mboga ya mlenda. Hapo uani, tukimwona," akasema jogoo.

Mama Njiku akaona aibu. Mgeni, mlenda mtupu! Lakini jua lilikuwa linashuka. Akapika.

"Jirani," akaita Mama Sungi kutoka ng'ambo ya ua, "huyo mgeni amekukosea nini?"

Mtinangi akala tonge la kwanza, kuku wakatazama. Akala la pili. Kuku wakanyoosha shingo. Akala la tatu, akaramba vidole. Mtetea mmoja akashuka. Wakafuata wengine, kila mmoja na tone lake. Jogoo alishuka wa mwisho, baada ya kuchungulia chungu.

Baada ya mwezi kideri kikafika. Banda la Mama Sungi likawa kimya. Kwa Mama Njiku wakahesabiwa: kumi na watatu.

Mama Sungi akaja kuomba mtetea wa mbegu. Akapewa.

"Huko kwako," akauliza mtetea, "wageni hula nini?"

"Mlenda," akajibu Mama Sungi upesi.

Ngano yenyewe inakomea hapo. Mama Njiku ameshafariki, na Mama Sungi pia. Mtinangi yu hai, anakaa kwa binti yake. Jogoo alikufa kwa uzee, kifo ambacho kuku wa pale walikuwa hawajawahi kukiona. Walimzunguka siku nzima wakisubiri aamke.