Pazia la Bi Siwatu

Pazia ni ukuta kwa muungwana. Mmeisikia leo mama yenu alipomkanya Salha asichungulie chumba cha wageni, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Chambale aliishi mjane aitwaye Bi Siwatu, msuka mikeka. Nyumba yake haikuwa na mlango wa mbao, ila pazia la kaniki. Kila adhuhuri alilishusha, na hata ukipiga hodi mara tatu hakuitika. Akilipandisha, anacheka na kukaribisha watu kama kawaida.

Mwaka mmoja maradhi ya mdondo yakapukutisha kuku wa kijiji kizima. Wa Bi Siwatu wakabaki wazima, wote watatu. Basi! Binadamu hakosi la kusema. Wakasema nyuma ya pazia lile kuna uchawi. Wakamwendea Jumbe Ngwali, mkuu wa kijiji, wakataka nyumba ipekuliwe na mwenyewe afukuzwe.

Jumbe akaenda mchana, watu wote nyuma yake. Bi Siwatu alikuwa amesimama nje, pazia limeshushwa.

"Mama, wanasema umeficha uchawi," Jumbe akamwambia. "Waache waone, yaishe."

"Sina uchawi, Jumbe. Humo mna mambo yangu mwenyewe, hayamhusu mtu. Pazia halina komeo, wala mimi sina nguvu za kukuzuia. Lakini leo mkiingia kwangu kwa maneno ya watu, kesho mtaingia kwa nani?"

Jumbe akawageukia watu. "Nani ameuona uchawi huo kwa macho yake?"

Mtu mmoja akapaza sauti: "Tukiingia ndiyo tutauona!"

Hapo upepo ukavuma, pazia likapeperuka juu kabisa, nyumba ikawa wazi. Ilibaki kutazama tu. Na Jumbe Ngwali, mtu ambaye neno lake lilikuwa amri, akageuka upesi akaupa mlango mgongo, akainamisha kichwa. Wazee nao wakageuka. Kisha wanawake, kisha hata yule aliyepaza sauti. Kijiji kizima kikasimama kimya, kimeupa mlango mgongo, mpaka Bi Siwatu alipolishusha pazia kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuna aliyetaja tena kufukuza mtu. Watu walirudi makwao, na Bi Siwatu akaishi Chambale hadi walipomzika kwa heshima.

Naona midomo inawawasha: ndani mlikuwa na nini? Nami niliuliza hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwepo siku ile, tena mbele kabisa, hatua tatu kutoka mlangoni. Nikamshika, nikamsihi aniambie alichokiona. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyelelewa.

"Nitajuaje, mjukuu wangu?" akasema. "Nilikuwa nimegeuka."

Pazia ni ukuta kwa muungwana.