Randu na Walinzi Wake Wanne

Mzee Randu, tajiri wa ng'ombe pale Dzivani, alilishawishi baraza la kijiji lifute sheria zote. "Sheria ni pingu," alisema, "kila mtu awe huru!" Watu wakashangilia. Kesho yake akaizungushia ua chemchemi ya kijiji na kuweka walinzi wanne wenye marungu.

Mbeyu, mjane mfinyanzi, akaenda na mtungi mtupu, akamkuta Randu nje ya ua. Nyumbani wanawe walikuwa wakilia kiu.

"Baba, chemchemi hii si yetu sote?"

"Ilikuwa. Sasa hakuna sheria, mwenye nguvu anachukua."

Mbeyu akatega sikio. "Paza sauti, baba, sisikii vizuri."

"Mwenye nguvu anachukua!"

"Hata ng'ombe wa mtu?"

"Hata ng'ombe!"

"Na aliyenyang'anywa atashtaki wapi?"

"Hakuna pa kushtaki!" Randu alinguruma mpaka ndege wakaruka mitini.

Mbeyu akashukuru, akaketi kivulini. Walinzi wakatazamana. Mmoja akaliangalia zizi la Randu, akaliangalia na rungu lake. Punde wote wanne wakaanza kuteremka zizini.

Randu akawapigia kelele, hakuna aliyegeuka. "Mbeyu! Kimbia ukawaite wazee! Warudishe sheria leo hii!"

"Hata ile ya chemchemi?"

"Zote!"

Mbeyu akajaza mtungi wake kwanza.

"Kumbe unasikia!" Randu akafoka.

"Nasikia vizuri sana, baba. Walinzi wako ndio waliokuwa wamesimama mbali."