Kalunde na Bakuli la Maharage ya Jirani

"Mchuzi wa kuazima haumjui mgeni wako." Shangazi yenu amelisema hilo sasa hivi, mlipotaka kukimbilia nyumba ya pili na bakuli kuomba mchuzi, nanyi mkacheka. Haya, chekeni. Mkimaliza kaeni hapo mkekani mwendelee kumenya vitunguu saumu, niwaeleze. Wali wa harusi hauivi kwa kutazamwa, na mimi sipendi watu wanaocheka neno wasilolijua lilikotoka.

Methali hii ilianza hivi.

Kando ya stesheni ya Tabora palikuwa na banda refu la mama lishe. Majiko saba yalipangwa ubavu kwa ubavu, na jiko la mwisho, karibu na bomba la maji, lilikuwa la Kalunde. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mpishi hodari, na mwoga. Uoga wake nautaja mapema kwa sababu ndio uliokuwa ukiwalinda wateja wake, na siku alipouweka kando kidogo tu, mtu alikaribia kufa.

Nyuma ya banda hilo alikaa fundi saa aitwaye Rehani. Kila mchana mafundi wenzake walipoingia bandani kula, yeye alitoa viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko wake akavila ameugeukia ukuta. Kalunde alidhani ni ubahili. Siku moja alipopita huko kumwaga maji akamtania, "Fundi, hata harufu ya mchuzi wetu unaiogopa?"

"Naiogopa kweli, dada," Rehani akajibu, na uso wake haukuwa na mzaha. "Karanga ndiyo adui yangu. Nikilamba hata kidogo koo linafunga. Mara ya mwisho nilibebwa sijitambui. Sasa niambie, katika mji huu nitakula wapi?"

Alisema kweli. Mnaijua Tabora. Karanga imo kwenye mchicha, imo kwenye kisamvu, imo kwenye mlenda, hata uji wa mtoto mchanga unatiwa karanga. Na ukimuuliza mpishi kama ameitia, atakuambia "kidogo tu," kama kwamba kifo nacho huja kidogo tu.

Maneno ya Rehani yalimkaa Kalunde moyoni. Akanunua sufuria mbili mpya za bluu, miiko miwili, na sahani kumi za bati zenye ukingo wa bluu, ambazo hazikuoshwa beseni moja na nyingine. Akaandika kwenye kibao kwa chaki: "Una chakula kinachokudhuru? Sema kabla ya kukaa." Aliyesema aliulizwa jina na kinachomdhuru, naye Kalunde akaviandika ukutani kwa mkaa. Akampikia chakula chake kwenye sufuria ya peke yake, na kukipakua kwenye sahani ya bluu.

Wenzake walimcheka mpaka machozi. Aliyecheka zaidi ni Mama Shitindi wa jiko la jirani, mama wa makamo, mnene, mwenye mkono mwepesi wa kutoa na ulimi usiolala. "Ati mzio! Sisi tumekuzwa na karanga, nani alikufa?"

"Waliokufa watakujibu vipi, mama?" Kalunde akasema.

Lakini wateja walikuja. Alikuja mama mwenye binti asiyeweza yai. Alikuja dereva wa lori ambaye dagaa humvimbisha macho. Rehani alikuja mwishoni kabisa, na sahani ya kwanza aliinusa, akaigeuza, akaonja kwa ncha ya ulimi, akangoja, ndipo akala. Alipomaliza akasema kwamba hajakaa mezani na watu kwa miaka kumi na miwili. Kalunde akageuka ajifanye anachochea moto, maana machozi yalimjia.

Msifikiri alikuwa na raha. Kila sahani ya bluu iliyotoka mkononi mwake ilimtoa jasho. Alisimama akitazama shingo ya mlaji mpaka ameze tonge la tatu. Akiona mtu anakohoa, alimkimbilia na maji. Aliwaza: siku moja nitakosea, na mtu atakufa akiwa ameniamini mimi. Wazo hilo alikwenda nalo sokoni na kurudi nalo.

Sasa sikilizeni desturi ya banda lile, maana humo ndimo lilimojificha jambo. Mchuzi ukimwishia mpishi mmoja na mteja ameshakaa, alipeleka bakuli kwa jirani, na jirani akalijaza. Maneno hayakusemwa. Kesho bakuli lilirudi limejaa, basi. Kuuliza "umetia nini humu?" ilikuwa aibu kubwa. Ni sawa na kumwambia mwenzako kuwa hajui kupika, au vibaya zaidi, kwamba ametia kitu kisichosemeka. Palikuwa na mwanamke aliyewahi kuuliza hivyo, na majiko mengine sita yaliacha kumsalimu mpaka akahama.

Ikafika Jumamosi moja, treni ya Mwanza ilikuwa imekwama stesheni tangu asubuhi. Abiria wakamiminika bandani kama siafu. Kalunde alipakua mpaka mkono ukafa ganzi, na kwa mara ya kwanza hakupata nafasi ya kutazama shingo ya mtu. Alipofunua sufuria ya bluu akakuta maharage yamekwisha, na hapo hapo Rehani akaketi, amekuja na wageni wawili kutoka kwao Urambo.

"Dada Kalunde, leo nimewaleta waone mahali ninapokula bila hofu," akasema kwa sauti ili watu wasikie.

Angefanyaje? Kumwambia hakuna, mbele ya wageni wake? Akachukua bakuli, akamnyooshea Mama Shitindi. Mama Shitindi akalijaza maharage bila hata kugeuka. Kalunde akayatazama. Yalikuwa mekundu, mazito kiasi, yana nyanya na kitunguu. Akayanusa, akasikia harufu ya maharage tu. Swali likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama Mama Shitindi anavyohangaika na wateja, akawaza atakavyojisikia yule mama, na watakavyosema wale wapishi wengine watano. Akalimeza lile swali. Akapakua kwenye sahani ya bluu.

Rehani hakunusa. Alikula huku anacheka na wageni wake.

Tonge la nne, akajikuna shingoni. Kalunde aliona kutoka jikoni, na mwiko ukamdondoka. Tonge la tano halikufika mdomoni. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba, vipele vinamtoka mpaka mikononi, na alipotaka kusema, sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Ka… ranga."

"Mama Shitindi!" Kalunde akapiga ukelele. "Umetia nini kwenye maharage?"

"Yalikuwa maji maji, nikayafunga kwa konzi ya unga wa karanga. Kwani—" Mama Shitindi akamwona Rehani, na neno lililobaki likamkauka.

Dereva wa lori alikuwepo. Wakambeba, wakampakia, Kalunde akakaa naye nyuma amemwegemeza kifuani, akihesabu pumzi zake. Kila pumzi ilipiga filimbi. Kati ya moja na nyingine palikuwa na kimya, na kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Kalunde aliogopa siku ile kuliko siku aliyomzika mumewe, kwa sababu mumewe hakufa kwa mkono wake.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Nesi alimtazama mgonjwa mara moja tu, akamchoma sindano pajani, akamvika bomba la hewa, akawafukuza wote chumbani.

Pale nje kwenye benchi Kalunde alikaa akingoja. Baadaye Mama Shitindi akafika, amekuja mbio, kanga ya begani imebaki njiani. Akakaa. Kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa umelala.

"Ungeniuliza, mwanangu," akasema mwishowe.

"Ningekuuliza ungekasirika, mama."

"Ningekasirika, ndiyo. Ningekununia hata mwezi mzima. Lakini ningekwambia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilipika kwa ajili ya wateja wangu. Mchuzi wangu ungemjuaje mgeni wako? Aliyemjua ni wewe."

Nesi akatoka, akasema mgonjwa anapumua, mmoja aingie.

Rehani alikuwa na macho yaliyovimba kama ya mtu aliyepigwa. Kalunde akapiga magoti kando ya kitanda akaomba radhi, na Rehani akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Ningekuta sahani nyingine ningenusa, dada. Ilikuwa sahani yako. Ndiyo maana sikunusa."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kalunde alitaka kulifunga jiko moja kwa moja. Wiki nzima hakuwasha moto. Aliyemrudisha ni yule mama wa binti asiyeweza yai, aliyekuja mlangoni akauliza tu, "Sasa mwanangu atakula wapi?" Akarudi, na uoga wake wote.

Na Rehani naye akarudi, baada ya mwezi, amekonda kidogo. Akaketi pale pale. Kalunde akafunua sufuria ya bluu, haikuwa na kitu. Jiko la jirani chungu kilikuwa kinatokota, na Mama Shitindi alishanyoosha mkono kupokea bakuli. Kisha akakumbuka, akaurudisha mkono mwenyewe.

"Fundi," Kalunde akasema mbele ya watu wote, "leo mchuzi wangu umekwisha. Sina cha kukupa."

Watu wakageuka kumtazama. Rehani akanyanyuka, na njaa yake, akaweka mkono kifuani. "Asante, dada," akasema. "Kesho nitawahi."

Hapo Mama Shitindi akawageukia wale wapishi wengine watano na kulitamka lile neno la pale benchini, safari hii likiwa kamili, kwa sauti ile ile aliyozoea kumchekea Kalunde, nao hawakumcheka. Ndilo mlilolisikia leo, wanangu, na shangazi yenu amewazuia kwa sababu anawajua waalikwa wake na vinavyowadhuru. Mchuzi wa kuazima haumjui mgeni wako.