Bega la Bunduki ya Osmunda

Hapo zamani, si ile ya mazimwi wala ya sungura na fisi, bali zamani ya karibu, baba zetu walipokwisha kurudi kutoka vita vya Keya, lile jeshi la Mwingereza, palikuwa na mwanamke mmoja katika kijiji cha Lupilima, milimani huko Umatengo. Jina lake Osmunda Kapinga. Mwanamke huyo alikuwa na bunduki. Msigune! Nimesema alikuwa na bunduki, na kibali alikuwa nacho.

Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu. Jeshi lilipouza silaha zake zilizochoka, baba yake, Fridolini, askari mstaafu, alinunua moja akalinda nayo mashamba ya kijiji, nguruwe pori wasiyamalize. Macho yalipomwishia nguvu, akawaita watoto wake. Wa kiume alikuwa nao wanne. Akawatazama, akawatazama tena, akampa Osmunda. Na Osmunda hakumwaibisha. Risasi moja, nguruwe mmoja.

Sasa, Lupilima wana desturi yao. Kitako cha bunduki, ule mti unaoegemezwa begani, wao hukiita bega. Aliyelitoa bega hupewa nyama ya bega ya kila mnyama anayeangushwa. Lakini nyama si kitu. Kitu ni jina. Mpiga bunduki akirudi na windo, wanawake humngoja njiani, wakamwuliza kwa sauti moja: "Bega la nani?" Naye hutaja jina mbele ya watu wote. Jina likishatajwa mara ya kwanza, halibadilishwi mpaka bega livunjike au mpigaji afe. Miaka kumi na tisa Osmunda alijibu, "La baba yangu, Fridolini!" na kila alipojibu kifua kilimjaa.

Ikawa siku moja, mahindi yanabeba, wifi yake Gaudensia anapalilia kando ya msitu. Huyu Gaudensia ndiye aliyekuwa akimsema kisimani: "Wenzake wanabeba kuni, yeye anabeba chuma!" Haya, nguruwe dume akatoka kichakani, akamwangusha Gaudensia huyo huyo. Osmunda akafika mbio. Kupiga risasi hawezi, maana mtu na mnyama wameshikamana. Akaigeuza bunduki, akamtwanga yule dume kichwani kwa kitako, mara moja, mara mbili, mara tatu. Dume akalegea, wanaume wakammalizia kwa mikuki. Gaudensia akapona. Kitako kikapasuka vipande vitatu.

Osmunda akarudi nyumbani na chuma kitupu. Njiani hakuna aliyemwuliza swali. Siku hiyo alilia, mwenzenu, alilia sana. Mahindi yanabeba, nguruwe wamejaa msituni, na jina la baba yake limelala chini vipande vipande.

Habari zikatembea. Wa kwanza kuja alikuwa Kasiani, fundi seremala wa misheni, na kitako kipya cha mninga, kimepigwa msasa mpaka kinateleza.

"Dada Osmunda, weka begani."

Akaweka. Akafyatua. Kibuyu kilichotundikwa ng'ambo ya bonde kikapasuka. Osmunda akalipapasa bega lake, maana halikumuuma.

"Baba yako alikuwa mrefu, dada," Kasiani akasema. "Kile kitako kilikuzidi vidole vinne. Nakuona kanisani kila Jumapili. Ukipiga ishara ya msalaba, mkono ukifika bega la kulia unaugusisha polepole, kama mtu anayegusa jipu. Nikasema, huyu anaumia na hasemi."

Kweli alikuwa akiumia, na hakumwambia mtu hata siku moja. Akakipokea kwa mikono miwili. Na Lupilima, ukipokea kwa mikono miwili, umekubali.

Wa pili alikuwa Mzee Ditrick Ndunguru, aliyepigana vita pamoja na Fridolini. Alitembea siku nne kutoka kule ziwani, miguu imevimba, na kitako amekiviringisha kwenye blanketi.

"Mwanangu, weka begani."

Akaweka. Kikakaa kwenye chuma kama kifuniko na chungu chake. Akafyatua. Kibuyu kikapasuka. Bega likauma, maumivu yale yale anayoyajua, naye akayaonea fahari.

"Baba mdogo, hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye bunduki yangu. Yangu na ya baba yako zilitoka sanduku moja."

"Na yako sasa?"

"Imebaki fimbo. Shamba langu nitalilinda kwa debe na kelele." Mzee akacheka peke yake. "Baba yako alinibeba mgongoni siku mbili kule Burma. Niache nami nimbebe."

Nani angemnyima mtu huyo mikono miwili? Hata wewe usingeweza. Akapokea.

Wa tatu alikuwa Gaudensia, bado anachechemea. Wala hakumtazama wifi yake usoni.

"Wifi, weka begani."

Kilikuwa kile kile cha zamani! Gaudensia alikuwa mshonaji wa vibuyu vilivyopasuka, hodari kuliko wote. Aliokota vile vipande kimoja kimoja, akatoboa vitundu, akavishona kama anavyoshona kibuyu, kisha akavizungushia ngozi mbichi ya yule dume aliyemjeruhi. Ngozi ikakauka, ikabana mpaka mti ukalia. Osmunda akaweka begani. Kidole gumba kikaingia kwenye kile kishimo alichokichimba baba yake kwa kushika miaka mingi. Akafyatua. Kibuyu kikapasuka, kitako kikashika.

"Nilikucheka," Gaudensia akasema. "Umevunja jina la baba yako kwa ajili yangu. Nimekurudishia."

Osmunda akapokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Mnaona kosa lake? Mikono miwili mara tatu, na bunduki moja.

Watatu wakakutana uani kwake. Kasiani akasema, "Bunduki ni ya anayeipiga leo. La mzee litamlemaza, na lile la kushonwa ipo siku litamwachia usoni." Ditrick akasema, "Ninyi mmetoa mti na kazi. Mimi nimetoa bunduki nzima." Gaudensia akasema, "Mnaleta bega jipya. Mimi nimeleta bega lenyewe."

Osmunda akavikusanya vitako vyote vitatu, akaviingiza ndani. Alfajiri akasikia nguruwe shambani. Akatoka, bunduki imefungwa kaniki, hakuna aliyeona amefunga kitako gani. Mlio ukasikika mmoja tu.

Jua linachomoza, huyo anarudi, kichwa juu, na nyuma yake wanaume wanne wamemchukua nguruwe mkubwa kuliko yule wa kwanza. Wanawake wamejipanga njiani. Kasiani yupo, Ditrick yupo, Gaudensia yupo. Wakauliza kwa sauti moja: "Bega la nani?"

Osmunda akasimama. Kifua kikamjaa kama siku zile za baba yake. Akafungua kinywa, akataja jina moja, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde.

Jina hilo nalijua, maana bibi yangu alikuwa miongoni mwa waliouliza. Lakini silitoi bure. Haya, nyie mnaonikodolea macho: lilikuwa bega la nani?