Mikeka ya Shaame

Hapo zamani, na wala si zamani sana, palikuwa na nchi ya Mkandawale yenye vyama viwili, Jembe na Kasia. Watu wa Jembe hawanunui unga duka la Kasia. Watu wa Kasia hawaendi msiba wa Jembe. Mnacheka? Ndivyo walivyokuwa, na kila mmoja akijiita mzalendo.

Juu ya mji palikuwa na bwawa, na ukuta wa bwawa ukaingia nyufa. Jembe, waliokuwa na serikali, wakapeleka hoja bungeni: ukuta ujengwe kabla ya masika. Lakini bungeni Kasia waliwazidi kwa wabunge wawili. Mkubwa wao akawaambia, "Wakiujenga wao, uchaguzi tumeshindwa. Kataeni wote. Atakayekubali tutamsusia hata maziko."

Miongoni mwa wabunge wa Kasia walikuwamo marafiki watatu waliosoma chuo cha Kurani pamoja tangu wadogo: Shaame, Bi Raya na Mbarouk.

Siku ya kura Shaame akavuka ukumbi, akasimama upande wa Jembe. Hakuna aliyempigia makofi. Bi Raya akabaki na Kasia, akakataa. Mbarouk akashika tumbo, akatoka nje, hakurudi. Kura zingelingana na hoja ingekufa, lakini kiti cha Mbarouk kilikuwa kitupu. Hoja ikapita kwa kura moja, ukuta ukajengwa.

Kabla ya masika mama yake Shaame akafa. Shaame hakuwa na mke wala ndugu, nyumba ile ilikuwa yao wawili tu. Akatandika mikeka uani, akangoja watu. Kasia hawakuja. Jembe nao wakasema, "Huyu si wetu." Mbarouk alichungulia dirishani, akaona jeneza linapita, limebebwa na Shaame na wachimba kaburi. Akafunga dirisha.

Ni Bi Raya peke yake aliyekuja, mchana kweupe, akamwosha marehemu, akamvisha sanda. Siku hiyo hiyo Kasia wakamfukuza chamani.

Shaame akakunja mikeka ambayo haikukaliwa. Inauma, jamani. Kumzika mama na watu usiowajua majina, inauma.

Masika ikaja na mvua ya kutisha. Ukuta ukashika, mji ukapona.

Sasa, desturi ya Mkandawale ni hii: aliyeuokoa mji husindikizwa na mji mzima, kwa ngoma, mpaka nyumbani kwake, wakaingia, wakakaa, wakala. Na ni mtu mmoja tu. Watu wakakusanyika.

Mbarouk akasema, "Ningebaki kitini mngezama. Nimewaokoa bila kugombana na mtu."

Bi Raya akasema, "Ukuta niliukataa, sifichi. Niliwaapia walionichagua kuwa sitakiacha chama, na sikukiacha mpaka kiliponitaka nimwache maiti bila kuoshwa. Nchi ni nini, kama hatuzikani?"

Shaame hakuwapo. Akatumwa mtu, akarudi akasema, "Anasema alipiga kura tu, hana la kuongeza. Lakini nimemkuta anafagia uani."

Ngoma zikaanza, zikafika njia panda, zikanyamaza. Kulia ni kwa Mbarouk, kushoto kwa Bi Raya, mbele kwa Shaame. Na Shaame ametandika mikeka yote ya mama yake, amekaa kizingitini, ametega sikio.

Haya semeni, yule mtu anasikiliza: je, nani alistahili kusindikizwa?