Kinda wa Mvunguni

Kitu kilichosukumwa mvunguni hakifikiwi na mtu aliyesimama wima, hata awe na mikono mirefu namna gani. Mambo mema mengi yako hivyo: yana gharama yake, na kwa baadhi yetu gharama kubwa ni kuinama.

Daktari wa watoto alikuwa mrefu, na koti lake jeupe lilipigwa pasi likakakamaa kama ubao. Wodini walimwita Mnara. Asubuhi hiyo alitarajiwa kumruhusu Kinda, binti wa miaka mitatu, arudi nyumbani, kwani homa ilikuwa imeshuka. Hata hivyo, moyo wake haukutulia. Mtoto yule alikuwa amelazwa kwa nimonia mara ya nne sasa, na kila alipowekewa stetoskopu kifuani alilia hadi hakikusikika kitu ila kilio.

Alipoingia, alikuta kitanda kitupu.

"Yuko chini, daktari," mama alisema kwa haya. "Ameliona koti lako tangu mlangoni."

"Basi mtoe, mama."

"Nikimtoa atalia, na wewe hutasikia kitu. Kama siku zote." Machozi yalimlengalenga. "Nimechoka kurudi na dawa ile ile. Ipo siku pumzi itamkatikia njiani."

Maneno hayo yalimchoma Mnara. Alivua koti, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi sakafuni.

"Makubwa! Leo mnara umeanguka!" muuguzi aliyekuwa akipita akacheka.

Mvunguni, daktari alimpa Kinda stetoskopu amsikilize yeye kwanza.

"Kuna nini humo?"

"Kunagonga," Kinda alinong'ona.

"Haya, sasa zamu yangu."

Kinda akatulia. Upande wa kulia pumzi ilipita vizuri. Kushoto, chini, palikuwa kimya. Kama nimonia ilikuwa imepona, mbona pale hapakuwa na sauti? Mnara alizipanga picha zote za kifua dirishani, akaona kila mara ugonjwa ulikaa pale pale. Picha ya mashine kubwa zaidi ikathibitisha: kipande cha pafu kiliumbika vibaya tangu tumboni mwa mama. Wapasuaji wakakiondoa.

Miezi ikapita. Siku ya kliniki, Mnara alimkuta mama peke yake, akijitahidi kuficha tabasamu. Chini ya kitanda kilisikika kicheko kirefu kisichokatizwa na kikohozi. Daktari hakuuliza mtu. Alivua koti akapiga magoti, machozi ya furaha yakimtoka, maana alishajua kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.