Hodi Mlangoni pa Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakitembeleana kwa adabu na kulana kwa siri, Chui alikuwa mwongoza wageni. Alivaa kofia, akatabasamu, akawatembeza wasafiri mlimani kwake. Walikwenda wengi, wakarudi wachache. Hakuna aliyeshtuka, maana msafiri asiyerudi husemwa amenogewa huko aliko.

Aliyeshtuka ni Pimbi. Kaka yake alikwenda kutembea huko masika yaliyopita, na mpaka siku ile mama yao alikuwa akimwekea bakuli la chakula kando. Lile bakuli lilimchoma Pimbi rohoni. Akafunga safari.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuona mlima."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu sana."

Chui akampeleka kwenye maporomoko, maji yakishuka vuuu! Akampeleka kwenye jiwe linalolia kama ngoma ukiligonga: ngo, ngo, ngo. Pimbi akasifu kila kitu.

"Haya kila mtu huyaona," Chui akasema. "Liko pango wasilolijua wengi. Huwaonyesha wageni ninaowapenda tu."

"Umewapenda wengi, babu?"

"Kiasi."

Mlango wa pango ulikuwa mwembamba, na juu yake palikuwa na rundo la mawe. Chui akaeleza kuwa ndiyo desturi ya mlima: kabla ya kuingia, kila mgeni huweka jiwe lake pale kuomba safari njema. Jiwe la Nyati, Chui akamwonyesha, lilikuwa kubwa kuliko yote. Chini yake, limebana kama kabari, Pimbi akaona jiwe jekundu. Mawe mekundu hayakuwako katika mlima ule. Yalikuwa kwao, na kila pimbi anayesafiri hubeba moja.

Hapo akajua kaka yake hayupo tena. Machozi yakamjaa, akayameza.

"Tangulia ndani, mjukuu wangu."

"Nitangulie vipi, babu, na nyumba ni yako? Mama alinifunza kuwa mgeni hupiga hodi nje, mwenyeji akaitikia ndani. Nikiingia hivi hivi utasema sikulelewa."

Chui akacheka. Kitoweo chenye adabu kilimfurahisha. Akaingia, akaketi gizani akilamba midomo.

"Hodi!" Pimbi akaita, huku akiparamia mwamba. Kwa kupanda miamba, pimbi hana mwenzake.

"Karibu!"

"Hodi!" Akalishika lile jiwe jekundu kwa mikono miwili.

"Karibu, pita ndani."

"Hodi!" Akalivuta kwa nguvu zake zote.

"Si nimesema karibu?"

Gu-gu-gu-guum! Likashuka jiwe la Nyati, likashuka la Swala, yakashuka mawe ya wote walioliwa mle. Vumbi lilipotulia, mlango haukuonekana.

Kisha sauti ikatoka ndani, ya upole.

"Hodi."

Pimbi akakaa juu ya mawe, jiwe jekundu mapajani.

"Hodi, mjukuu wangu. Hodi huko nje."

Mara ya tatu ilikuwa kilio. Pimbi hakusema karibu. Alirudi kwao, akaliweka lile jiwe ndani ya bakuli la kaka yake. Mama yake alilitazama, akalifunika kwa kawa, na jioni ile hakupika.

Nami nasema hivi, wanangu: mlango unaomeza wageni, siku moja humfungia mwenye nyumba.